Kwenda Bichi Dar es Salaam: Mambo ya Daraja, Pantoni na Petroli

Daraja la Salenda si refu. Siku isiyo na foleni gari hulivuka kabla abiria hajamaliza sentensi yake. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, enzi ya Waingereza, likabeba jina la John Einar Selander, mkuu wa idara ya ujenzi wa serikali ya Tanganyika. Upande mmoja ni mji, upande wa pili ni Oysterbay na Msasani, na chini yake ni mkondo wa Msimbazi na mikoko yake. Kabla ya daraja hilo, fukwe za kaskazini zilikuwa karibu kwa macho na mbali kwa miguu.

Ndiyo maana historia ya kwenda bichi Dar es Salaam huelezeka vizuri zaidi kwa madaraja, mapantoni na bei ya petroli kuliko kwa mchanga na mawimbi. Mchanga ulikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni njia ya kuufikia, na kila njia ilichagua watu wake.

Watu wa Mrima, yaani pwani hii ya bara, hawakungoja mgeni awafundishe kwamba bahari ni mahali pa kustarehe. Mzizima, kijiji cha wavuvi kilichokuwepo kabla Sultani Majid bin Said wa Zanzibar hajaanza kujenga mji wake hapo katika miaka ya 1860, kilikuwa na bahari mlangoni, na bahari hiyo ilikuwa na siku zake. Mojawapo ni Siku ya Mwaka, ambayo wengine huiita Nairuzi. Pwani nzima watu walishuka majini kuoga mwaka, wakauacha wa zamani na kuupokea mpya, kisha wakala na kucheza. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Mrima aliyekulia Bagamoyo na baadaye kwenda kufundisha Kiswahili Berlin, aliandika kwa urefu juu ya desturi za namna hii katika kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Leo sherehe yenyewe inajulikana zaidi Makunduchi, Unguja, ambako Mwaka Kogwa bado hufanyika kila Julai, lakini zamani haikuwa mali ya Makunduchi peke yao.

Desturi ya pili ina umbo lilelile la safari ya siku moja na marafiki, nayo haijapungua nguvu hata kidogo: kuvunja jungu. Siku chache kabla ya mwandamo wa Ramadhani, watu wa rika moja, wa baraza moja, au waliosoma madrasa moja, huchangishana. Mmoja huleta mchele, mwingine nazi, mwingine ana shemeji mwenye gari. Wanakwenda shambani au ufukweni na masufuria yao, wanapika pilau, wanakula mpaka jua linapoegemea, kisha wanarudi nyumbani kuusubiri mwezi. Hakuna hoteli katika mpango huo, wala kiingilio. Anayedhani kwamba Waswahili walijifunza pikiniki kwa Wazungu hajawahi kualikwa kuvunja jungu.

Wajerumani walipoufanya mji huu makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, waliipenda pwani kwa sababu nyingine: hewa. Hospitali yao ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897, ilitazama bahari kwa kuwa madaktari wa wakati ule waliamini upepo wa bahari ni nusu ya tiba. Waingereza waliuchukua mji mwaka 1916 na imani hiyo wakairithi. Mwaka 1924 wakaugawa mji kwa kanda za ujenzi. Kwa maandishi kanda zilihusu aina ya nyumba. Kwa vitendo zilihusu rangi ya mwenye nyumba. Ndivyo yalivyokomaa majina ambayo mpaka leo yanatamkwa bila kufikiri: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi katikati, kama ukanda wa kuwatenga watu wa Kariakoo na mji wenyewe.

Daraja la Salenda likaupeleka Uzunguni ng'ambo. Kuanzia miaka ya 1930 Oysterbay ilijengwa nyumba za maofisa, zenye veranda pana na bustani kubwa, zikipokea upepo wa kusi na kaskazi bila kizuizi. Mwafrika alivuka daraja asubuhi akiwa mpishi, yaya au mtunza bustani, akarudi jioni. Kibao cha kumzuia kuoga hakikuwa na kazi kubwa: mtu anayekaa Ilala, asiye na gari, mwenye siku moja ya mapumziko kwa wiki, hakuhitaji kufukuzwa ufukweni. Umbali ulimfukuza.

Familia za Kihindi zilikuwa na bahari yao, ile ya Ocean Road. Jioni, na hasa Jumapili, magari yalipangwa kando ya barabara, watoto wakashushwa wacheze, wazee wakakaa ukutani kupunga upepo. Wauzaji walipita na karanga, mahindi ya kuchoma, madafu, na mihogo yenye ndimu na pilipili. Mwaka 1966 ikafunguliwa sinema ya drive-in njia ya Msasani, na mzunguko wa Jumapili ukakamilika: pwani kwanza, filamu baadaye, chakula kikiwa kwenye gari. Wengi walikumbuka sinema ile miaka mingi baada ya kufungwa. Pale ilipokuwa, leo ni ubalozi wa Marekani, uliohamia huko baada ya jengo lake la zamani kulipuliwa Agosti 1998.

Uhuru wa 1961 ulifungua Oysterbay, lakini ufunguo walipewa kwanza waliorithi ofisi. Mawaziri na wakurugenzi walihamia nyumba za maofisa waliotangulia. Mwananchi wa kawaida aliendelea kutazama ramani ileile, huku bichi mpya zikianza kuzaliwa mbali zaidi, zaidi ya kilomita 20 kaskazini ya mji, huko Kunduchi.

Kunduchi haikuwa pori. Ni kijiji cha wavuvi, chenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa sahani za Kichina, ushahidi wa biashara ya bahari ya karne nyingi. Hapo jirani ndipo zilipoinuka hoteli za miaka ya 1960 na 1970: Africana na vibanda vyake vya makuti, Kunduchi Beach yenye matao ya Kiswahili na Kiarabu, na Bahari Beach iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Serikali ilikuwa imeanzisha Shirika la Utalii, TTC, mwaka 1969, na shirika hilo likashika usukani wa hoteli kadhaa, za pwani na za mbugani. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Azimio la Arusha lilipotangaza siasa ya ujamaa.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu. Nchi inayojenga ujamaa inawajengea watalii wa Ulaya mahoteli ya kujianika juani, tena kwa fedha za umma? Mwaka 1970 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokuwa katika Umoja wa Vijana wa TANU waliuliza swali hilo hadharani, na magazetini kukawaka moto kwa wiki kadhaa. Wapo waliosema utalii huzaa watumishi na si wazalishaji. Wapo waliojibu kwamba nchi inahitaji fedha za kigeni na bahari haina itikadi. Issa Shivji alikusanya mjadala huo katika kitabu kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Ukisoma hoja zile sasa, unagundua jambo moja lililopita pembeni: pande zote mbili zilibishana sana juu ya mtalii wa kigeni, na kidogo juu ya Mtanzania ambaye angependa kwenda Kunduchi na rafiki zake siku ya mapumziko.

Naye alikwenda, akipata usafiri. Hoteli zile zilikuwa na dansi za Jumapili mchana, na kwa vijana wa mjini waliokuwa na kazi ya ofisini, kwenda Kunduchi na kurudi ilikuwa habari ya wiki nzima. Kisha petroli ikaharibu. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena 1979, na katikati yake vikaingia vita vya Kagera. Serikali ikapiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ila kwa kibali. Fikiria maana yake kwa safari ya pwani. Saa nane ndipo maji yanapokuwa ya vuguvugu na samaki yuko mekoni; saa nane hiyohiyo polisi wako barabarani. Aliyekuwa na gari alilazimika kuoga asubuhi na kuondoka huku chakula kikiiva. Asiye na gari alitegemea mabasi ya UDA, shirika lililoundwa mwaka 1974, ambayo yalikuwa machache kwa siku za kazi, sembuse Jumapili.

Mwokozi wake alikuja mwaka 1983, wakati serikali ilipokubali mabasi ya watu binafsi. Daladala, zikiwa pikapu na mabasi madogo ya kila rangi, zilifanya jambo ambalo daraja la Salenda halikuwahi kulifanya kwa miaka 50: zilimvusha mtu wa Manzese, wa Temeke na wa Buguruni mpaka Oysterbay, akiwa na ndugu zake sita, kwa nauli anayoimudu.

Coco Beach ya leo, hukohuko Oysterbay, ni mtoto wa daladala. Kama bichi ya kuogelea, tuseme kweli, si bora kuliko zote: maji yakipwa, miamba inatokeza, na mwogaji anabaki akitafuta dimbwi. Wenyeji huulizia maji kabla ya kuondoka nyumbani. Lakini maji yakijaa na jua likianza kuteremka, hakuna mahali Dar es Salaam penye watu wa namna nyingi kama pale. Mihogo ya kukaanga na kachumbari, mishkaki, pweza, ngisi, madafu. Mipira ya ndani ya magurudumu ya magari inakodishwa kwa wasiojua kuogelea, ambao ndio wengi. Wapiga picha wa papo kwa papo walitamba kabla simu hazijawanyang'anya mkate. Sikukuu za Idd na Krismasi umati huwa mkubwa kiasi kwamba watoto hupotea, na polisi hurudia onyo lilelile kila mwaka: mtoto asije bila mzazi.

Wakati Coco inajaa, Kunduchi ilikuwa inaliwa. Mchanga wa ujenzi ulichotwa kwa miaka mingi kutoka mito ya Mbezi na Tegeta, mchanga ambao ungeshuka baharini na kuujenga upya ufukwe. Mji ulipopanuka, kila nyumba mpya ilipandishwa kwa tofali zilizochukua kipande cha bichi. Mawimbi yakala nchi kavu, na Hoteli ya Africana ikaachwa, majengo yake yakimegukia baharini. Majirani wakajenga kuta za mawe kuingia majini ili wabakize walau kidogo. Wavuvi wa baruti nao waliyavunja matumbawe yanayopunguza nguvu ya mawimbi, kwa hiyo hasara ilitoka pande zote mbili.

Visiwa vilisalimika zaidi. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi za bahari mwaka 1975, na havina wakazi. Boti za Bongoyo huondokea Msasani, za Mbudya huondokea upande wa Kunduchi. Kuna kiingilio, vibanda vya makuti, na samaki anayechomwa ukimwona. Huko ndiko yanakokwenda siku hizi makundi ya marafiki wa zamani, waliomaliza shule pamoja miaka 20 au 30 iliyopita na kukutana tena kwenye WhatsApp: mwekahazina anakusanya michango kwa simu, fulana zinachapwa zikiwa na mwaka wa kuhitimu, na mwalimu mkali wa hisabati anajadiliwa upya mpaka boti ya mwisho. Ni kuvunja jungu kwa jina jingine, isipokuwa sasa jungu linabebwa na boti na Ramadhani haihusiki.

Kusini, njia ilikuwa pantoni. Kigamboni iko mita mia chache tu kutoka Kivukoni, na bado ilikuwa ng'ambo kwelikweli, na pengine ndiyo sababu bichi za Mikadi na Mjimwema zilibaki tulivu kwa muda mrefu. Januari 2012 nauli ya mtembea kwa miguu ilipanda kutoka shilingi 100 hadi 200. Wananchi walipolalamika, Waziri wa Ujenzi, John Magufuli, aliwaambia asiyeweza kulipa apige mbizi. Akawa rais, na Aprili 2016 akafungua Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, kutoka Kurasini. Magari hulipia kulivuka; watembea kwa miguu hupita bure.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Tembea kutoka Msasani kwenda kaskazini uhesabu kuta utakazokutana nazo ndani ya mita hizo. Hata Coco ilinusurika kwa mvutano: mpango wa kuwekwa mikononi mwa mwekezaji binafsi ulipigiwa kelele na kufika mahakamani, na manispaa ya Kinondoni ndiyo iliyobaki na kazi ya kuipanga upya pamoja na mabanda ya wauzaji wake. Machi 2022 likafunguliwa Daraja la Tanzanite, lenye zaidi ya kilomita moja juu ya maji, kuanzia eneo la hospitali ya Aga Khan na kutua karibu kabisa na Coco. Aliyeko Posta anafika kwa dakika chache. Kwa aliyeko Mbagala daraja hilo halijabadilisha mengi. Yeye ana njia yake ya Kongowe hadi Mjimwema, barabara ya lami isiyopita Salenda, isiyodai pantoni, na isiyo na kibanda cha kulipia.