Matatizo ya ulaji: Maradhi ya akili yasiyobagua wanaume

MWANAMUME anapokonda ghafla, majirani hushuku Ukimwi, kifua kikuu au kisukari. Ni nadra mtu kuwaza kwamba huenda anajinyima chakula kwa makusudi, au anakila kisha kukitapika kwa siri. Kisa na maana, matatizo ya ulaji yamezoeleka kuitwa maradhi ya wasichana. Dhana hiyo si sahihi, na imewafanya wanaume wengi kuchelewa kupata tiba.

Matatizo haya ni maradhi ya akili, wala si ulafi, maringo au utovu wa nidhamu. Yapo ya aina tatu kuu.

Ya kwanza ni anoreksia, ambapo mgonjwa hujinyima chakula hadi uzani wake ukashuka kupita kiasi, huku akiogopa mno kunenepa. Ya pili ni bulimia. Mgonjwa hula chakula kingi kwa muda mfupi, kisha hujaribu kukiondoa kwa kujitapisha, kutumia dawa za kuendesha, kufunga au kufanya mazoezi ya kupindukia. Ya tatu ni ulaji wa kupindukia, ambapo mtu hula bila kuweza kujizuia, kisha hujawa na aibu na majuto, ila hajitapishi.

Katika utafiti wa kitaifa uliochapishwa Marekani mwaka wa 2007, takriban mtu mmoja kati ya kila wanne waliowahi kuugua anoreksia au bulimia alikuwa mwanamume. Kwa ulaji wa kupindukia, wanaume walikuwa zaidi ya thuluthi moja.

Chanzo cha kusahauliwa

Ajabu ni kwamba mwanamume alikuwapo tangu mwanzo wa historia ya maradhi haya. Mwaka wa 1689, daktari Mwingereza Richard Morton alieleza kuhusu wagonjwa wawili waliokonda bila ya kuwa na kifua kikuu. Mmoja alikuwa msichana, na wa pili mvulana wa miaka 16.

Baadaye mvulana huyo alisahaulika. Miongozo ya Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, inayotumiwa katika nchi nyingi, ilitaja kukatika kwa hedhi kuwa mojawapo ya vigezo vya kutambua anoreksia. Kigezo hicho kiliondolewa mwaka wa 2013 pekee. Si ajabu kwamba madaktari walizoea kuutafuta ugonjwa huu kwa wanawake tu.

Aibu nayo imechangia. Marehemu John Prescott, aliyekuwa naibu waziri mkuu wa Uingereza kuanzia 1997 hadi 2007, alifichua mwaka wa 2008 kwamba aliugua bulimia kwa miaka mingi. Alisimulia kuwa alipokwenda kutafuta matibabu, alikuta chumba cha kungojea kimejaa wanawake vijana, naye akiwa mwanamume pekee.

Sura yake kwa wanaume

Wanawake wengi wanaougua hutamani wembamba. Baadhi ya wanaume hutamani hivyo pia, lakini wengine hutaka kifua kipana na misuli iliyotuna. Mtu wa aina hii hujiona mdogo na dhaifu hata akiwa na mwili wa pande la mtu. Hupima kila tonge, hukwepa karamu za jamaa kwa kuhofia chakula, na huenda akatumia dawa haramu za kukuza misuli. Kwa kuwa wenzake humsifu kwa bidii, ugonjwa wake hujificha ndani ya sifa.

Wanamichezo wanaotakiwa kuchunga uzani, kama vile mabondia, wanamiereka, waendesha farasi wa mashindano na wakimbiaji wa masafa marefu, wamo hatarini zaidi. Mwaka wa 1997, wanamiereka watatu wa vyuo vikuu vya Marekani walifariki katika muda wa majuma machache wakijaribu kupunguza uzani kwa haraka. Sheria za mchezo huo zilibadilishwa baadaye.

Njaa yenyewe hugeuza akili. Kati ya 1944 na 1945, wanaume 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Walipoteza karibu robo ya uzani wao, wakawa na huzuni na hasira, na wakawaza chakula usiku na mchana. Ndiyo maana kumwambia mgonjwa "kula tu" hakufui dafu.

Madhara na tiba

Kutapika mara kwa mara huozesha meno na kupunguza madini ya potasiamu mwilini. Potasiamu ikipungua sana, mapigo ya moyo huvurugika na moyo unaweza kusimama ghafla. Kujinyima chakula nako hudhoofisha mifupa, na hupunguza homoni za kiume na hamu ya tendo la ndoa.

Jamaa wawe macho wakimwona mtu anayekwepa kula na wenzake, anayekwenda msalani kila baada ya mlo, au anayefanya mazoezi hata akiwa mgonjwa au ameumia.

Hatua ya kwanza ni kumwona daktari, ambaye atachunguza pia maradhi mengine yanayokondesha. Asipoyapata, asikome hapo, bali aulize kuhusu ulaji. Huduma za afya ya akili hutolewa katika hospitali za rufaa, zikiwemo Mathari na Kenyatta jijini Nairobi.

Tiba kuu ni ushauri nasaha wa kubadilisha fikra na mienendo. Kwa vijana wenye anoreksia, wazazi hufunzwa kusimamia milo nyumbani. Aliyekonda sana asishindiliwe chakula kingi kwa mara moja, kwani madini ya damu yanaweza kuvurugika na kumuua. Alishwe chini ya uangalizi wa daktari.

Wengi hupona, hasa wanaotibiwa mapema. Wahenga walinena, mficha maradhi kilio humfichua.