Bunduki Zilizorudishwa Ruring'u

Kabla ya AK-47 kufika Tigania, kulikuwa na bomba la maji. Wapiganaji wa Mau Mau walilikata wakapata mtutu, komeo la mlango likafanya kazi ya kupiga risasi, mpira uliovutwa ukawa springi. Nyingine zililipuka mikononi mwa wenyewe. Lakini ukiwa nayo, ungeweza kumvizia askari wa mkoloni ukachukua bunduki ya maana.

Musa Mwariama, mtu wa Tigania, alipigana hivyo msituni bila kukamatwa. Ile picha yake na Jomo Kenyatta, nywele zimesokotana, labda ushaiona. Desemba 1963 wapiganaji walikusanyika uwanja wa Ruring'u, Nyeri, wakakabidhi silaha. Walitarajia mashamba. Wengi waliambulia patupu. Jenerali Baimungi wa Meru hakuridhika, akarudi msituni, na 1965 akauawa na serikali ya watu weusi wenzake.

Huku silaha zikikusanywa Nyeri, kaskazini zilikuwa zinaingia. Vita vya Shifta viliendelea hadi 1967. Halafu 1991 Siad Barre akaanguka Somalia, Mengistu naye Ethiopia. Maghala ya jeshi yakaporwa, na bunduki zikapita njia zilezile za mifugo kuelekea Isiolo. Kutoka Muthara, Isiolo si mbali: unaacha miraa, unashuka tambarare.

Juhudi zipo, tusidanganyane. Azimio la Nairobi la 2000 lilizaa Itifaki ya 2004: nchi ziweke alama kwenye bunduki, zitunze rekodi, ziharibu zilizo haramu. Novemba 2016, silaha 5,250 zilichomwa Ngong. Picha zilikuwa kali.

Ila hesabu ya mwenye ng'ombe mpakani ni nyingine kabisa. Akirudisha yake na wa ng'ambo abaki na yake, nani atalinda boma usiku? Mwaka 2019 serikali ilipokusanya hata bunduki za askari wa akiba katika kaunti kadhaa za kaskazini, swali hilo lilizidi kuwa zito.

Waliokabidhi Ruring'u walitangulia kutoa, wakaachiwa kusubiri. Wazee wa Meru wanaijua hiyo stori. Sasa ukimwomba mjukuu wao asalimishe bunduki, usianze na hotuba. Anza kwa kuhakikisha gari la polisi linafika kabla nyayo za ng'ombe hazijafutika.