Surogasi: Kwa Nini "Mama Mbadala" Haitoshi

Surogasi ni makubaliano ambayo mwanamke hubeba mimba na kumzaa mtoto atakayelelewa na watu wengine kama mwana wao. Ziko aina mbili. Katika ya kwanza, yai ni la mbebaji mwenyewe, kwa hiyo mtoto ni damu yake. Katika ya pili, iliyoenea zaidi siku hizi, yai ni la mwingine. Hurutubishwa maabara, kisha kiinitete hupandikizwa katika mji wa mimba wa mbebaji.

Kwa Kiswahili husikika "mama mbadala" na "kukodi tumbo". Majina yote mawili hutoa hukumu kabla kesi haijasikilizwa.

Tuanze na "mama mbadala". Nchini Uingereza, aliyezaa ndiye mama kisheria, hata kama yai si lake. Wanaomtaka mtoto huomba amri ya mahakama, na ridhaa ya aliyezaa haihesabiki mpaka wiki 6 zipite tangu ajifungue. Huko yeye si mbadala wa yeyote. California ni kinyume. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilikuta wanawake wawili wana hoja ya umama, mmoja kwa yai, mwingine kwa kuzaa. Iliamua kuwa mama ni yule aliyekusudia tangu mwanzo kumpata mtoto huyo na kumlea. Kwa uamuzi huo mbebaji hakuwa mama, wa asili wala mbadala.

"Kukodi" nako kunapotosha. California inaruhusu malipo, lakini Uingereza ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1985. Mbebaji hurudishiwa gharama tu. Afrika Kusini hudai mkataba uthibitishwe kwanza na Mahakama Kuu, na mbebaji awe na mtoto wake mwenyewe aliye hai. Malipo ya faida hayaruhusiwi. Nchini Italia, tangu 2024, hata raia anayeifuata huduma hiyo ng'ambo anaweza kushtakiwa. Kumwita mbebaji "wa kukodi" mahali ambapo malipo hayo ni marufuku kunaweza kuwa kumtuhumu uvunjaji wa sheria.

Jambo hili limefika kwetu pia. Nchini Kenya, pacha walizaliwa kwa njia hii, na hospitali ikakwama: kwenye taarifa ya uzazi liandikwe jina la nani? Maofisa wa watoto waliwachukua wale wachanga na kuwapeleka kwenye makao ya watoto. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilisema kitendo hicho kilivunja haki za wahusika.

Kwa hiyo napendekeza tuseme "kubeba mimba kwa niaba", mhusika awe "mbeba mimba kwa niaba", na wale wengine "wazazi waliokusudia". Maneno haya yanaeleza kilichotendeka bila kuamua nani ni mama wala nani kalipwa. Mwandishi wa habari, daktari na mtunga sheria wayatumie, na neno "mama" waliandike pale tu sheria ya nchi husika inapolitoa.