Tom Pendergast: Kigogo wa Kansas City Aliyetawala Bila Cheo

Baina ya mwisho wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe na Vita Kuu ya Pili ya Dunia, miji mingi mikubwa ya Marekani iliendeshwa na kile kilichoitwa mashine ya kisiasa, yaani mtandao wa chama uliowapa wakazi maskini kazi, chakula na makaa ya mawe ya kuotea moto wakati wa baridi, kisha ukavuna kura zao siku ya uchaguzi. Katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri, mtandao huo ulijengwa na ndugu wawili wa ukoo wa wahamiaji kutoka Ireland, nao ulifikia kilele chake chini ya mdogo kati yao, Thomas Joseph Pendergast, aliyezaliwa mwaka 1872.

Msingi uliwekwa na kaka yake, James, mwenye baa katika West Bottoms, mtaa wa mabondeni uliojaa viwanda vya nyama, reli na vibarua, ambaye alikuwa diwani tangu 1892 hadi 1910. Tom alijifunza siasa nyuma ya kaunta ya baa hiyo, akawa msimamizi wa barabara za mji mwaka 1900, na baadaye akarithi kiti cha kaka yake katika baraza la madiwani. Alipokiacha hakushika tena wadhifa wa kuchaguliwa, na tangu hapo nguvu zake zikazidi kukua.

Makao yake yalikuwa ghorofa ya pili ya jengo dogo la matofali, namba 1908, Main Street, ambako wananchi walipanga foleni asubuhi kueleza shida zao, naye aliwasikiliza mmoja mmoja, kisha akaandika kikaratasi kwa penseli nyekundu cha kumtaka ofisa fulani amsaidie aliyekileta. Hakuna aliyetia saini ya kurudisha wema huo, lakini fadhila ni deni, na wasimamizi wa chama katika kila kata walijua nani anadaiwa.

Wanamageuzi walipopitisha katiba mpya ya mji mwaka 1925, iliyopunguza baraza hadi wajumbe tisa na kukabidhi utendaji kwa meneja wa kuajiriwa, walitarajia kuikata mizizi mashine hiyo. Matokeo yalikuwa kinyume, kwa kuwa Pendergast sasa alihitaji wajumbe watano tu, akawapata, nao wakamteua Henry McElroy, mtu wa kambi yake, kuwa meneja.

Siasa na biashara zilikutana katika zege. Pendergast alikuwa na kampuni ya Ready Mixed Concrete, iliyouza zege lililochanganywa tayari, na wapiga kura walipoidhinisha mwaka 1931 hati fungani, yaani mikopo ya umma, za karibu dola milioni 40, mji ulianza kujenga mahakama, ukumbi mkubwa wa mikutano na jengo jipya la utawala, huku kijito cha Brush Creek kikisakafiwa kwa zege. Miradi hiyo iliwapa vibarua riziki wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, na papo hapo ikaijaza mifuko ya yule aliyewapatia kazi hiyo.

Gharama ya mfumo huo ilikuwa nzito. Uchaguzi wa mji wa mwaka 1934 uliua watu wanne, na baada ya ule wa 1936, mwendesha mashtaka wa serikali kuu, Maurice Milligan, alifichua wapiga kura hewa kwa wingi, na watu 259 wakapatikana na hatia. Pendergast mwenyewe aliponzwa na kamari ya mbio za farasi. Akihitaji fedha, alikubali hongo ili kusuluhisha mgogoro wa viwango vya bima ya moto kwa manufaa ya kampuni za bima, akiahidiwa dola 750,000, na kwa kuwa hakuyalipia mapato hayo kodi, serikali kuu ilimnasa kwa kosa la kukwepa kodi. Alikiri Mei 1939, akahukumiwa kifungo cha miezi 15 katika gereza la Leavenworth, na mwaka uliofuata wanamageuzi, waliotumia ufagio kuwa nembo yao, wakatwaa mji.

Alifariki tarehe 26 Januari 1945. Miongoni mwa waliohudhuria mazishi alikuwa Harry Truman, ambaye mashine hiyo ilimpa kiti cha ujaji wa utawala wa kaunti mwaka 1922 na kumwinua hadi Seneti mwaka 1934, na ambaye sasa alikuwa Makamu wa Rais kwa siku chache tu. Alilaumiwa sana kwa kwenda, lakini alikwenda, kwani deni la fadhila, ambalo ndilo lililoiendesha mashine hiyo, halikufutwa na hukumu ya mahakama wala na kifo cha mdai.