Mali bila Daftari: Habari za Hesabu za Ushirika Tangu Zamani Hata Leo

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Yafaa tulikumbuke neno hilo wakati huu tunaposherehekea miaka kumi ya Chama Kikuu chetu. Ngoma zitalia, na wageni watasifu ghala na mazao. Lakini pana kitu kimoja ambacho hakuna atakayekipigia makofi, nacho ni daftari. Hata hivyo, chama kisicho na daftari safi hakifikishi miaka kumi. Kwa hiyo si vibaya tukaeleza kwa ufupi hesabu hizi zilitoka wapi, na kwa nini zimpase kila mwanachama.

Maneno mengi ya hesabu yaliingia katika Kiswahili pamoja na biashara ya pwani. "Daftari" tulilipokea kwa Waarabu, na asili yake ya mbali ni neno la Kiyunani lenye maana ya ngozi ya mnyama, kwani watu wa kale waliandika juu ya ngozi. "Rasilimali" maana yake ni kichwa cha mali. "Taslimu" ni kukabidhi, yaani fedha itokayo mkono huu na kuingia mkono ule. "Hisa" ni fungu la mtu. "Hundi" ilitoka Bara Hindi. Na "mizania" ni mtoto wa mizani: pande mbili zilizo sawa.

Katika biashara hiyo ya zamani palikuwa pia na desturi ya mali kauli. Tajiri humpa mwenziwe bidhaa akaziuze, naye hurudi baadaye kulipa bei yake. Dhamana yao ni neno tu. Desturi hiyo ilifaa kwa watu wawili waliojuana. Lakini wakulima elfu moja, walio katika vijiji ishirini, hawawezi kuendeshwa kwa kauli. Wao hawana budi kuandikiana.

Ufundi wa kuandika kila jambo mara mbili ulikua katika miji ya biashara ya Italia. Huko Genoa, madaftari ya serikali ya mji ya mwaka 1340 yalikwisha kuandikwa hivyo. Mwaka 1494 mtawa mmoja mwalimu wa hesabu, Luca Pacioli, alichapisha mjini Venice kitabu kikubwa cha hesabu, na ndani yake akaeleza desturi hiyo ya wafanyabiashara. Hakuibuni yeye, bali aliieleza hata wengine wakaweza kujifunza. Alimtaka mfanyabiashara aanze kwa kuorodhesha mali na madeni yake yote, kisha awe na vitabu vitatu: cha kumbukumbu za kila siku, cha kupanga mambo kwa tarehe, na leja. Shina la ufundi huo ni hili: hakuna kitu kinachoingia pasipo kutoka mahali. Chama kikinunua mizani kwa fedha taslimu, mizani imeingia na fedha imetoka. Yote mawili yaandikwe. Mwisho jumla za pande mbili zilingane, na huo ndio uitwao urari. Zisipolingana, pana kosa. Lakini tuseme kweli: zikilingana, si hakika kwamba hakuna mwizi. Stakabadhi ya uongo inaweza kuandikwa pande zote mbili kwa mwandiko mzuri. Ndiyo maana pana mkaguzi.

Ushirika nao ulitambua mapema thamani ya hesabu zilizo wazi. Mwaka 1844 wafanyakazi wa Rochdale, Uingereza, walianzisha duka lao, na miongoni mwa kanuni zao ilikuwa wanachama wasomewe hesabu mara kwa mara. Waliona kwamba mwenye mali asiyeonyeshwa hesabu si mwenye mali tena.

Katika Tanganyika, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 chama kikuu cha Kilimanjaro, KNCU, kikaandikishwa chini yake. Bukoba ikafuata mwaka 1950. Kwa wakulima wa pamba wa Usukuma, safari ilianzia penye mizani. Wakulima walishuku kwamba wanapunjwa uzito, wakataka wapimaji wao wenyewe wawepo wakati wa kununua. Kutokana na hayo vikakua vyama, hata mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Victoria, likiongozwa na Paul Bomani, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi. Aliyeanza na hesabu za pamba akakabidhiwa hesabu za taifa.

Lakini baada ya Uhuru vyama viliongezeka upesi kuliko makarani waliojua kuandika madaftari. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi mwaka 1963 kusaidia upungufu huo. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza vyama, ikakuta wanachama wasiojua mambo ya chama chao, upungufu wa wataalamu, na udanganyifu mahali pengi. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa. Sheria ya mwaka 1982 iliviruhusu virudi, na mwaka huo huo likaundwa shirika la kukagua hesabu za ushirika. Sababu za kuvunjwa zilikuwa nyingi, na siasa mojawapo. Lakini chama ambacho wanachama wake hawajui hesabu zake hakina mtetezi siku ya hukumu.

Basi, ndugu mwanachama, tuitazame mizania kwa mfano. Tuseme chama cha msingi kina fedha benki shilingi 4,000,000, mikopo waliyopewa wanachama 9,000,000, na ghala pamoja na vyombo 12,000,000. Mali yote ni 25,000,000. Upande wa pili, chama kinadaiwa na benki 10,000,000, na wakulima hawajalipwa 3,000,000. Madeni ni 13,000,000. Zinazobaki 12,000,000 ni za wanachama: hisa 5,000,000, akiba 4,000,000, na ziada ya mwaka 3,000,000. Pande zimelingana.

Sasa mwenyekiti anatangaza ziada ya 3,000,000, na wanachama wanapiga kelele, "Tugawane!" Hapa ndipo vyama vingi hujikwaa. Ziada si fedha iliyo sandukuni. Fedha iliyoko ni 4,000,000, na kati yake 3,000,000 ni ya wakulima wanaongoja malipo yao. Imebaki 1,000,000 tu. Tena tazama ile mikopo. Imeandikwa kuwa mali, na ni mali kweli iwapo waliokopa watalipa. Theluthi yake ikikosa kulipwa, zimepotea 3,000,000, na ziada yote imeyeyuka kama umande. Mwanachama anayedai ziada igawanywe huku yeye mwenyewe hajalipa mkopo wake, anadai mfuko ambao ameutoboa kwa mkono wake.

Vivyo hivyo uchakavu. Ghala huzeeka na mizani huchoka kila msimu, hata kama hapana aliyelipwa kitu. Daftari lisiloandika uchakavu humdanganya mwenye mali kwamba ametajirika, mpaka siku paa linapovuja.

Kwa hiyo, tunapoingia mwaka wa kumi na moja, na tuuingie mkutano mkuu tukiwa na maswali. Fedha taslimu ni kiasi gani, na nani anatudai? Mikopo ipi imepita muda wake, na ni ya nani, hata kama ni ya mjumbe wa kamati? Mkaguzi alisema nini, na neno lake la mwaka jana lilitekelezwa? Karani mwaminifu hatachukia maswali hayo, kwani ndiyo yanayomtenga na asiye mwaminifu.

Wazee waliotutangulia walisimama penye mizani wakahakikisha uzito wa pamba yao kwa macho yao. Sisi tumepewa mizani nyingine, ya karatasi. Tusimwachie mtu mmoja aisome peke yake.