Umbea wa miaka 50 uliomrudishia jina mtu aliyefichwa nyuma ya Batman

Kwa zaidi ya miaka 70, kila alipotajwa mbunifu wa Batman lilitajwa jina moja tu: Bob Kane. Kwenye vitabu vya katuni ni yeye, kwenye tamthilia ni yeye, kwenye filamu ni yeye. Lakini ndani ya ofisi za komiki za New York kulikuwa na umbea ambao haukufa. Jamaa hakufanya ile kazi peke yake. Kuna mtu mwingine, tena yupo hapo hapo mjini, analeta stori, anachukua cheki yake, anaondoka.

Mtu huyo aliitwa Bill Finger.

Ili kuelewa alivyopotezwa, inabidi kurudi mwaka 1938. Vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, walimuuza Superman na haki zake zote kwa dola 130. Superman akalipuka sokoni, na kila mchapishaji akataka shujaa wa namna hiyo. Mhariri Vin Sullivan, wa kampuni iliyokuja kuitwa DC, akamwambia Kane naye alete wa kwake.

Kane akachora mtu mwenye nguo nyekundu za kubana, nywele za njano zikiwa wazi, kibarakoa kidogo cha machoni na mabawa magumu mgongoni. Akamwonyesha Finger, rafiki yake aliyekuwa akiuza viatu huku akimwandikia stori za pembeni. Finger akauangalia mchoro, akaanza kuupangua. Toa hayo mabawa, weka joho. Funika kichwa chote, weka masikio ya popo. Hiyo nyekundu achana nayo, tia kijivu na nyeusi.

Batman anayejulikana leo akazaliwa hapo. Finger ndiye aliyeandika stori yake ya kwanza, iliyotoka kwenye Detective Comics namba 27, Mei 1939. Jina la Bruce Wayne ni lake. Jina la Gotham City pia ni lake, alilikuta kwenye kitabu cha simu, ni la duka la vito. Kwa Robin, Joker na Catwoman, mkono wake umo.

Sasa mchezo ulipochezwa ni kwenye mkataba. Kane alikwenda kwa mchapishaji peke yake, akafunga dili lake, na dili hilo likamhakikishia kwamba jina litakalotajwa ni lake. Finger hakuwepo mezani. Alikuwa mtu mpole, asiyejua kudai, na mtu wa namna hiyo mjini huliwa mchana kweupe. Hata kuchora kwenyewe, Kane alikuja kuwaachia madeiwaka. Sheldon Moldoff, kwa mfano, alimchora Batman kuanzia 1953 hadi 1967, na sifa zikaenda kwa Kane.

Siri ilivuja mwaka 1965. Mashabiki wa komiki walikutana New York, na Finger akapanda jukwaani na kusimulia. Mwalimu mmoja aliyekuwa shabiki mkubwa, Jerry Bails, akazungumza naye, kisha akaandika makala na kuisambaza kwa mashabiki wenzake. Kane alipopata habari alikuja juu. Septemba mwaka huo huo akaandika barua ndefu ya wazi akisema Batman ni wake peke yake, na kwamba Finger anajikweza.

Mwaka 1966 tamthilia ya Batman ikawa gumzo Marekani nzima. Finger alishirikiana na rafiki yake kuandika stori moja ya vipindi viwili, na jina lake likapita kwenye skrini kama mwandishi wa stori hiyo. Hiyo ilikuwa miaka 27 baada ya Detective Comics namba 27. Januari 1974 alifariki nyumbani kwake New York, akiwa peke yake, na umri wa miaka 59.

Baada ya hapo umbea ule ule uliomtetea ukaanza kumzika upya. Ikavuma kwamba alizikwa kwenye makaburi ya masikini wasio na ndugu. Ikavuma pia kwamba hakubaki mtu wa damu yake wa kudai chochote. Yote yalikuwa uongo. Mwandishi Marc Tyler Nobleman alichimba na kukuta kwamba Finger alichomwa, na mwanawe Fred akayapeleka majivu ufukweni Oregon, akayamwaga mchangani kwa umbo la popo. Akakuta pia mjukuu, Athena, mtoto wa Fred, aliyezaliwa baada ya babu yake kufa. Uvumi wa kutokuwa na mrithi ulikuwa na madhara makubwa kuliko wa kaburi, maana pasipo mrithi hakuna wa kudai haki.

Kane mwenyewe, kwenye kitabu cha maisha yake cha 1989, alikubali kwamba Finger alistahili kutajwa na hakutajwa. Lakini mwenzake alikuwa kaburini miaka 15, na kukiri huko hakukubadilisha herufi hata moja kwenye mkataba. Siegel na Shuster walikuwa wamewahi kidogo. Mwaka 1975, filamu ya Superman ikiwa inaandaliwa, walipiga kelele hadharani mpaka wakarudishiwa majina yao na kupewa dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja. Wao walikuwa hai na walikuwa wawili. Finger hakuwa na mtu wa kupiga kelele mpaka Athena alipojitokeza.

Septemba 2015 DC ikatangaza kwamba Finger atatajwa. Kwenye kazi kama filamu ya Batman v Superman ya 2016, maandishi yanasema Batman amebuniwa na Bob Kane pamoja na Bill Finger. Wapo mashabiki wanaolalamika mpaka leo kwamba hilo "pamoja na" bado linamweka nyuma, na hoja wanayo. Mwaka uliofuata, kona moja ya mtaa wa Bronx ilipewa jina lake. Iko jirani na bustani ya Poe Park, ambako yeye na Kane walikuwa wakikaa kwenye benchi kupanga stori. Kibao kilichosimama hapo kina jina moja tu, la Bill Finger.