Kuvuka Berwyn Kwenye Theluji

Mwishoni mwa Machi 1919, kundi dogo la waendesha baiskeli liliondoka Llanarmon Dyffryn Ceiriog, kijiji kilichojificha bondeni kaskazini mwa Wales, likashika njia ya kwenda Cynwyd, ng'ambo ya milima ya Berwyn. Kwa kalenda, majira ya baridi yalikuwa yamekwisha. Huko juu yalikuwa bado hayajabanduka. Njia yenyewe, ambayo hata siku ya jua ni ya kondoo na wachungaji wao, ilikuwa imefukiwa na theluji. Walisukuma baiskeli, wakazinyanyua, wakazivuta. Wakaufikia mgongo wa mlima, zaidi ya mita 550 kutoka usawa wa bahari, kisha wakateremka upande wa pili. Hakuna aliyewatuma. Hapakuwa na saa ya kuwapima wala kikombe cha kushindania.

Mmoja wao alikuwa W. M. Robinson, mfanyakazi wa bima mjini Liverpool, ambaye maandishi yake aliyatia sahihi ya "Wayfarer", yaani mpita njia. Alikuwa ametoka katika Vita Kuu ya Kwanza na jeraha. Mwezi Mei mwaka huo jarida la Cycling lilichapisha simulizi yake ya safari ile kwa kichwa cha "Over the Top". Wasomaji wa wakati ule hawakuhitaji kufafanuliwa: hayo yalikuwa maneno ya askari kwa ile dakika ya kutoka ndani ya handaki na kuzikabili risasi. Siku ya safari ile bunduki zilikuwa zimenyamaza kwa miezi isiyofika mitano. Robinson alilichukua neno la kifo akalipa kazi nyingine, kazi ya kuelezea furaha ya kuloa, kutetemeka na kufika salama. Ndani ya simulizi ya baiskeli palikuwa na mtu aliyekuwa akijifunza upya kupanda mlima bila kuogopa kilicho juu yake.

Waingereza wanaopenda matembezi ya baiskeli wanaitaja makala hiyo mpaka leo. Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kurudi nyuma miaka arobaini, wakati baiskeli na baridi vilikuwa havipikiki chungu kimoja.

Agosti 1878, katika mji wa Harrogate, ilianzishwa Bicycle Touring Club, iliyokuja kuitwa Cyclists' Touring Club mwaka 1883. Mwaka uliofuata ule wa kuanzishwa kwake, Liverpool ilipata klabu yake ya Anfield, ambayo baadaye Robinson alikuwa mwanachama wake. Baiskeli ya zama hizo ilikuwa na gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, na mpandaji alikaa juu kabisa kama mtu aliyepanda farasi mrefu. Tairi lilikuwa ukanda wa mpira mgumu usio na upepo ndani. Jiwe dogo tu lilitosha kumrusha mtu juu ya usukani, kichwa kikitangulia. Barabarani pakiwa na barafu, kupanda chombo hicho ilikuwa ni kuitafuta ajali kwa makusudi.

Basi klabu ziliendesha mambo kwa majira. Majira ya kuchipua yalifunguliwa kwa safari ya pamoja, na yalipofika ya majani kupukutika ikafanyika safari ya kufunga mwaka. Baada ya hapo baiskeli zilisuguliwa, zikapakwa mafuta na kuwekwa ndani. Miezi ya giza ilikuwa ya karamu, dansi na karata.

Mambo mawili yalianza kuivunja desturi hiyo. Mwaka 1885, huko Coventry, John Kemp Starley alitoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kulizungusha la nyuma. Miguu ya mpandaji sasa ilikuwa karibu na ardhi, na akiteleza anaweza kujishikiza. Miaka mitatu baadaye, John Boyd Dunlop akiwa Belfast alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Ukiitazama baiskeli iliyoegemezwa leo kwenye ukuta wa duka la vipuri pale Tabora au Kisumu, unaitazama Rover ya Starley ikiwa na tairi la Dunlop. Kufikia 1899 Cyclists' Touring Club ilikuwa na wanachama 60,449, na alama yake ya gurudumu lenye mabawa ilitundikwa nje ya hoteli na nyumba za wageni nyingi, ikimwambia mgeni aliyejaa tope kwamba hapa atapokewa.

Lakini chombo pekee hakitoshi. Hata baada ya kupata baiskeli salama, wengi waliendelea kuifungia ndani mvua za Novemba zikianza. Sababu moja ilikuwa giza. Desemba, kusini mwa Uingereza, jua huzama kabla ya saa 10 alasiri. Anayetoka mjini saa 4 asubuhi ana saa sita tu za nuru, na sehemu yake itakwenda kwenye chakula. Kurudi nyumbani ni kurudi gizani, kwenye vichochoro vya mashambani vilivyobanwa na ua wa michongoma pande zote mbili, ukiona mita chache tu mbele yako.

Taa ya mafuta ilisaidia wengine wakuone kuliko ilivyokusaidia wewe kuona. Nafuu ilikuja na taa ya gesi ya asetilini, na hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Ilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha chini kilitiwa mawe ya kabaidi, yaleyale yanayojulikana na mafundi wa kuchomelea vyuma. Cha juu kilikuwa cha maji. Mpandaji alifungua kijibomba kidogo, maji yakadondoka tone kwa tone juu ya mawe, gesi ikapanda, akaiwasha kwa kiberiti. Mwanga wake ulikuwa mweupe na mkali, harufu yake haisahauliki. Kibaya ni kwamba maji hayo nayo yaliweza kuganda. Baridi ilipokaza, tone halikudondoka, na mwanga ukafa katikati ya shamba la mtu.

Kwa hiyo Robinson alipoandika mwaka 1919, hakuwa amevumbua kitu. Wako waliokuwa wakiendesha majira ya baridi kabla yake. Alichofanya ni kuwaambia watu kwamba jambo hilo halihitaji udhuru. Baada ya simulizi ya Berwyn aliandika mfululizo, na katika miaka ya 1920 na 1930 alizunguka miji ya Uingereza akitoa mihadhara kwa taa ya kuonyeshea picha ukutani. Ukumbi ulizimwa taa, picha ya njia ya mlimani ikamulikwa, na yeye akasimama kando akieleza. Kumbi zilijaa. Ujumbe wake kwa karani na fundi wa kiwandani ulikuwa mwepesi: nchi haifungwi Oktoba.

Mwingine aliyefanya kazi hiyo, bila kusema sana, ni Frank Patterson. Kuanzia miaka ya 1890 hadi kifo chake mwaka 1952 alichorea jarida la Cycling, na pia gazeti la Cyclists' Touring Club, maelfu kwa maelfu ya picha za wino: daraja la mawe, kanisa la kijiji, mti usio na jani hata moja, na chini yake baiskeli imeegemezwa. Mguu ulimharibikia akaacha kuendesha bado hajawa mzee, akakaa kwenye nyumba yake ya shambani karibu na Billingshurst, Sussex. Kutoka hapo aliendelea kuwachorea wengine barabara ambazo yeye hakuweza tena kuzipita. Mti uliopukutika una umbo lake, na wino mweusi juu ya karatasi nyeupe unalijua umbo hilo kuliko rangi yoyote. Si ajabu kwamba picha zake za baridi ni miongoni mwa zile zinazomkaa mtu moyoni.

Miaka ya 1930 ndiyo iliyokuwa neema. Nusu siku ya Jumamosi na Jumapili nzima vilikuwa mali ya mfanyakazi, na Desemba 26 ilikuwa sikukuu kisheria tangu 1871. Safari ya klabu ya siku ile, Krismasi imepita jana na tumbo bado zito, ikawa ada. Hata chama cha hosteli za vijana, kilichoanzishwa 1930, kilifungua hosteli yake ya kwanza wakati wa Krismasi mwaka huohuo, katika nyumba ya Pennant Hall karibu na Llanrwst, Wales. Haikudumu, kwa sababu ya shida ya maji, lakini inaeleza kitu: vijana walikuwa tayari kulala mashambani Desemba.

Maarifa ya kujikinga na baridi yalirithishwa kwa mdomo, mkubwa kwa mdogo. Baiskeli ya baridi ilikuwa ile kuukuu, yenye madigadi marefu, na mara nyingi isiyo na friwili: pedali huzunguka muda wote gurudumu linapozunguka. Mwenye kuizoea huhisi kwa nyayo zake tairi la nyuma likianza kuteleza, kabla macho hayajaona. Tena ina vipande vichache vya kuliwa na tope.

Halafu kuna gazeti. Kabla ya mteremko mrefu, mtu alisimama kileleni, akafungua vifungo, akakunja kurasa mbili tatu za gazeti na kuzipachika kifuani, kati ya fulana na sweta ya sufu. Karatasi ilizuia upepo. Alipofika chini na kuingia kwenye mkahawa, alizitoa zimelowa jasho, wino umefifia, akaziacha karibu na moto. Mezani palikuwa na chai ya maziwa, mkate wa kubanikwa na mayai, na vidole vilivyoanza kuuma vilipopata joto. Kila aliyewahi kuendesha kwenye baridi kali anaujua uchungu huo wa damu kurudi vidoleni.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki historia hii ina upande wa pili. Viwanda vilivyowaundia makarani hao baiskeli za Jumapili ndivyo vilivyotuletea zetu. Raleigh iliyotoka Nottingham, yenye keria nzito, kengele na dainamo ya kusuguana na tairi, ilibeba maziwa, mkaa, mgonjwa na bibi harusi. Kule wakati wa mapumziko ilikuwa chombo cha kupotea makusudi mashambani, huku ikawa chombo cha kuyatoa mazao shambani. Tofauti hiyo haikutokana na chuma. Ilitokana na nani ana siku ya kupumzika na nani hana, na nani ana wa kumwachia mzigo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili magari yaliongezeka na wengi wakaiacha baiskeli. Waliobaki walitafuta njia ambazo gari haliwezi kufika. Mei 1955 watu 40 walikutana katika hoteli ya Black Swan mjini Leominster wakaunda Rough Stuff Fellowship, ushirika wa wapendao kupita na baiskeli milimani, kwenye mawe na matope. Robinson alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 1957 ushirika huo ulimwekea jiwe la kumbukumbu palepale juu ya Berwyn.

Kisha yakaja majira ya baridi yasiyosahaulika. Baridi ya 1962 hadi 1963 ilikuwa kali kuliko zote Uingereza tangu mwaka 1740, na Ireland nayo haikusalimika. Ni katika Januari hiyo ndipo Dervla Murphy, mwanamke wa miaka 31 kutoka mji mdogo wa Lismore, aliondoka na baiskeli aliyoiita Roz kwenda India. Alikuwa amemuuguza mama yake kwa miaka mingi, mama akafariki, na safari aliyoiota tangu alipopewa baiskeli na atlasi akitimiza miaka kumi haikuweza kungoja jua. Huko Yugoslavia alilazimika kufyatua bastola ili ajinusuru na mbwa mwitu. Karibu miaka 30 baadaye, mwaka 1992, mwanamke huyohuyo, sasa ana miaka 60, aliendesha kutoka Kenya hadi Zimbabwe akipitia Uganda na Tanzania. Njiani alikuta kila nyumba ikizungumzia ugonjwa mmoja. Kitabu alichokiandika, kilichotoka 1993, kinaitwa The Ukimwi Road. Neno letu la msiba lilisimama kwenye jalada la kitabu cha mtu aliyeianza safari yake ya India kwenye theluji.

Ng'ambo ya Atlantiki njia ilikuwa nyingine. Mwaka 1987 huko Alaska yalianza mashindano ya Iditabike, na mafundi wa kule wakahangaika kupanua rimu ili tairi lisizame kwenye theluji. Kutokana na hangaiko hilo zikaja baiskeli za matairi manene. Pugsley ya kampuni ya Surly, iliyotoka 2005, ndiyo iliyozifikisha madukani kwa wingi.

Na safari ya Krismasi imepata sura mpya. Tangu 2010 kuna changamoto ya Festive 500, iliyotokana na safari ya mbunifu wa kampuni ya Rapha, Graeme Raeburn: kilomita 500 kati ya Desemba 24 na 31. Wapo wanaozimaliza kwa siku tatu, wapo wanaozikusanya kidogo kidogo kati ya mlo na mlo, na wapo wanaoishia 300 kwa sababu barafu ilikataa.

Juu ya Berwyn, kando ya jiwe la Robinson, kuna sanduku la chuma lenye daftari ndani. Anayefika hulifungua kwa vidole vilivyokufa ganzi, hutafuta ukurasa mkavu, huandika jina lake na hali ya hewa ya siku ile, kisha hulirudisha na kukibana kifuniko ili mvua isiingie.